Pistoni Sita za Edrine

Mara ya kwanza Edrine kunipiga mbele ya watu, alinipiga kwa mkanda wa feni ya lori. Ilikuwa saa nne asubuhi, gereji imejaa, na kosa langu lilikuwa kusema kwamba bolti aliyoikaza ilikuwa imekatikia ndani. Ilikuwa imekatika kweli. Aliifungua akaiona, na jioni akala chakula nilichompikia akaniambia chumvi haitoshi. Nalisema hili kwanza kwa sababu hapa mtaani Hai Malakal bado wapo watu wanaomwita Daktari, na wakikutana nami wananiambia kwamba Juba imepoteza fundi. Mimi niliishi na huyo fundi miaka kumi na mmoja. Namjua kuliko wao.

Kwao Edrine ni karibu na Masaka, Uganda, kwa watu wa kahawa. Alifika Juba mwaka wa 2008 kwa lori la ndizi, na dereva wa lori hilo alimwibia viatu njiani, kwa hiyo kazi yake ya kwanza mjini aliifanya peku. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na kanisani aliimba vizuri hadi wanawake wakageuza shingo. Injini ilipomkataa aliipiga kwa nyundo. Mtu alipomkataa, ilikuwa hivyo hivyo.

Mimi nilitoka Ahero, Kenya, mwaka wa 2012, nije kuwapikia mafundi wa gereji hiyo. Shuleni sikupelekwa, walipelekwa kaka zangu. Mwanangu Griffin nilimwachia mama yangu. Nilipomaliza kuosha sufuria, walinipa vipuri nivioshe kwa dizeli, na mkono unaoosha chuma miaka mingi hujifunza. Nilijua beringi iliyochoka kwa kuipapasa gizani. Nilijua konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni na kuiunganisha na kranki, mhimili unaozunguka, kwa kuifunga uzi, kuining'iniza na kuigonga kwa spana. Iliyo nzima hulia muda mrefu. Yenye ufa sauti yake hukatika upesi, hata kama macho hayaoni kitu. Edrine alianza kuniita pembeni: Mama Griffin, hebu gonga hii. Nikigonga nikamwambia, alirudi kwa mwenye gari akasema, "Nimeipima." Hivyo ndivyo alivyopata udaktari.

Tulianza kulala chumba kimoja mwaka wa 2013. Hakunioa. Julai 2016, risasi zilipoanza, tulikaa siku tatu ndani ya shimo la kukagulia magari, sisi wawili na jerikeni moja ya maji. Siku ya pili niliamka nikaikuta jerikeni tupu. Alisema mwanamume anahitaji maji mengi zaidi. Alisema hivyo risasi zikipasua mabati juu yetu, kwa sauti ile ile aliyotumia kuwaeleza wateja habari za oili.

Basi mwaka wetu wa mwisho, 2024, akaja Ayuel. Ayuel ana malori ya maji, mengi. Alikulia kambini Kakuma, kisha Nairobi, na Kiswahili chake ni cha vijana wa huko. Kila Jumapili mchana yeye na matajiri wenzake walishindanisha magari kwenye barabara iliyonyooka, ukishapita mtaa wa Lemon Gaba. Alikuwa ameshindwa mara mbili. Alileta Land Cruiser yake ya petroli, injini ya silinda sita, na ndani ya sanduku la mbao turbo kubwa kama sufuria ya ugali wa watu kumi. Injini ile ilitoka kiwandani na nguvu za farasi mia mbili na kidogo. Alitaka mia sita. Aliweka bastola juu ya meza ya kazi, kando ya kikombe changu cha chai, akamwambia Edrine kwamba akishindwa mara ya tatu hatashindwa peke yake.

Gari lenyewe lingeendeshwa na Fulgensio, mtu wa Torit, dereva wa Ayuel tangu lori la kwanza. Miaka ya vita alimbeba Ayuel mgongoni, Ayuel akiwa na risasi pajani, kuanzia asubuhi hadi jua kuzama. Ayuel alimpenda kuliko ndugu zake, na alimtukana kuliko mtu yeyote. Fulgensio alicheka tu.

Tulikwenda Kampala kutafuta vitu vya ndani ya injini. Turbo husukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu, petroli ikilipuka inalipuka mara mbili tatu ya kawaida, na mlipuko huo wote unatua juu ya pistoni. Pistoni za kawaida ni za kumiminwa, chuma chepesi kilichoyeyushwa kikaachwa kipoe ndani ya kalibu. Chini ya turbo kubwa hupasuka kama sahani. Zinazovumilia ni zile za kufuliwa, zilizokandamizwa kwa nguvu zikiwa za moto mpaka chuma kikashikana. Wauza vipuri wanajua watu hawajui tofauti. Mimi nilizigeuza nikatia vidole ndani. Ya kumiminwa ina alama za kalibu ndani yake, kama mshono; ya kufuliwa imechongwa ndani na mashine. Niliikataa seti ya kwanza. Ya pili niliikataa pia kwa sababu pistoni moja ilikuwa nzito kuliko nyingine, na injini inayozunguka kwa kasi huona uzito huo hata ukiwa wa punje chache. Konrodi nilizining'iniza moja moja mlangoni pa duka nikazigonga, watu wakasimama kutazama. Muuza duka alimuuliza Edrine kama mke wake ananunua vipuri au ng'oma. Edrine alicheka naye. Nami nikaendelea kugonga hadi nikapata sita zinazolia sauti moja, nene, zenye bolti nzito. Kranki tuliiacha ile ile ya zamani, ilikuwa imefuliwa tangu kiwandani na haikuwa na kovu. Tuliporudi Juba nilizipeleka zote kwa mama mmoja anayenunua dhahabu ya Kapoeta, nikazipima tena kwenye mizani yake. Zilikuwa sawa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mtu alipouawa. Pistoni ya kufuliwa ina tabia yake: ikipata moto huvimba kuliko ile ya kumiminwa. Lazima silinda ichongwe iwe na nafasi kubwa zaidi. Sisi tuliipima kwa wembe wa kunyolea. Pistoni ikiwa ndani ya silinda, baridi, wembe uingie ubavuni na utoke ukivutwa kwa vidole viwili. Ukikwama, chonga tena. Injini ya namna hiyo ikiwashwa asubuhi hugonga, tok tok tok, ikishapata moto hunyamaza. Hilo nililijua kutokana na injini mbili zilizofia mikononi mwa Edrine kabla hajanisikiliza.

Aliyechonga silinda ni Constantine, Mganda mwenzake Edrine, mwenye mashine ng'ambo ya barabara. Alichonga ya kwanza kama nilivyosema, wembe ukapita. Siku hiyo Ayuel akaja na marafiki zake. Akaichukua pistoni, akaitumbukiza ndani ya silinda ile, akaisukuma kwa kidole huku na huku.

"Daktari," alisema, "hii kitu inacheza kama jino ya mtoi mdogo. Umeninunulia ya tingatinga ama?"

Marafiki wakacheka. Edrine naye akacheka, lakini niliona masikio yake yakibadilika rangi. Nilianza kumweleza Ayuel, naye akaniambia, "Mathe," yaani mama, "chai inaungua," wakacheka tena. Walipoondoka, Edrine alivuka barabara akamwambia Constantine silinda tano zilizobaki azichonge kwa kubana, pistoni iingie kama mguu ndani ya kiatu kipya. Ile ya kwanza ilikwishachongwa, haiwezi kurudishwa. Alisema kelele ya moja haitasikika.

Nilimfuata mpaka mlangoni pa Constantine.

"Edrine, zitashika."

"Zitashika nini?"

"Zitavimba zishike. Yule mtu atakufa barabarani."

Alinipiga kwa kipini cha jeki kwenye mbavu. Sikuanguka mara moja. Nilikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, kisha pumzi ikakataa kuingia. Alinipiga tena mgongoni nikiwa nimekaa. Akaniuliza kama ninataka kumwaibisha mbele ya wanaume. Constantine alikuwa amesimama kando ya mashine yake akifuta mikono. Alinitazama, akamtazama Edrine, akawasha mashine.

Mtauliza kwa nini sikwenda kwa Ayuel. Ningekwenda nikamwambie nini, na angemwamini nani? Nilimwambia Fulgensio. Alikuja kulitazama gari wiki hiyo, nikamwita jikoni, nikamwambia injini hii siku ya kwanza asiikamue, na akisikia inaanza kuvuta nzito atoe mguu hapo hapo, hata kama anaongoza. Alinisikiliza vizuri. Kisha akacheka.

"Mama, mimi iko na miguu mbili," alisema, "lakini Ayuel akiwa barabarani, hii ya kulia ni yake."

Jumapili hiyo Edrine aliimba kanisani, kisha tukaenda barabarani. Mbavu zangu zilikuwa zimefungwa kwa kitenge chini ya blauzi. Waliliwasha gari, na injini ilikuwa kimya, laini, tamu. Ayuel alimkumbatia Edrine mbele ya watu wote akamnyanyua. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nikisikiliza ule ukimya, nikiitafuta ile tok tok.

Waliondoka magari mawili. La Ayuel lilimwacha mwenzake nyuma kama amesimama. Sijapata kuona gari likienda hivyo; mchanga wa kando uliinuka wenyewe. Watu walikuwa wakipiga mayowe ya furaha. Nilisikia sauti yake ikipanda, ikapanda, kisha ikawa kama mtu anayekabwa. Moshi wa buluu ukatoka. Pistoni zikashika ndani ya silinda, injini ikasimama papo hapo, na magurudumu ya nyuma yakasimama nayo. Gari lilikwenda ubavu, likajipindua, likaruka, likajipindua mara nyingine ambazo sikuhesabu. Fulgensio alitoka dirishani lilipojipindua mara ya pili, na gari likampita juu.

Ayuel alifika kwanza. Alikaa chini barabarani akamweka Fulgensio mapajani. Kichwa cha Fulgensio kilikuwa kimegeukia upande ambao kichwa hakigeukii. Ayuel alijaribu kukirudisha, taratibu, kwa mikono miwili, kama mtu anayemlaza mtoto. Kikawa kinarudi kule kule.

Kesho yake, saa nne, Ayuel alikuja gerejini na watu wanne, na gari nyuma yao likiwa limebebwa juu ya lori. Hawakuuliza kitu. Walimpiga Edrine kwa mabomba. Meno mawili yalitoka yakaanguka kwenye beseni la dizeli, nikayaona yakizama. Alipoona bomba linainuliwa juu ya kichwa chake alinyoosha kidole.

"Vipuri alichagua huyu," alisema. "Muulizeni mtu yeyote. Mimi nilifunga tu."

Miaka kumi na mmoja hakuwahi kumwambia mtu kwamba mimi ndiye ninayechagua. Hakuna aliyejua. Alilisema siku hiyo, na alilisema vizuri, bila kigugumizi, na damu mdomoni.

Ayuel akaniuliza kama ni kweli. Nikasema vipuri nilichagua mimi. Wawili walinishika. Waliuweka mkono wangu wa kulia ndani ya jiriwa, ile taya ya chuma iliyofungwa mezani ya kubania vitu wakati wa kukata, na Ayuel mwenyewe akauzungusha mpini wake. Alikuwa akilia. Hakuwa na haraka. Kidole kidogo kilivunjika kwanza, nikasikia kabla sijaumia, kisha mfupa wa kiganja. Nilijikojolea. Nilimwona Edrine akitazama ukutani.

Nilisema, "Fungua injini."

Akazungusha tena.

"Fungua injini," nikasema. "Ukikuta konrodi moja imekatika au imepinda, weka na mkono wa pili."

Nadhani ni hilo la mkono wa pili lililomsimamisha. Mwongo huomba mkono wake urudishwe. Aliulegeza mpini, akamwambia Edrine afungue, peke yake, na asipomaliza kabla ya alasiri atafungwa chini ya lori. Edrine alifungua, akitema damu pembeni. Nilikaa sakafuni mkono wangu ukiwa ndani ya gunia. Ulikuwa umevimba, rangi ya bilinganya. Hakuna aliyeniletea maji.

Alipozitoa, zilipangwa juu ya mkeka. Konrodi sita, zimenyooka. Ayuel alizilaza moja moja juu ya kipande cha kioo bapa, hakuna iliyocheza. Kranki nzima. Beringi nzima. Kisha pistoni. Tano zilikuwa zimechanwa ubavuni, chuma kimevutwa kama ngozi ya mtu aliyeburutwa kwenye lami, na mbili kati yake zilitolewa kwa gogo na nyundo kwa sababu zilikuwa zimeshikana na silinda. Ya sita, ile ya silinda ya kwanza, ilikuwa safi. Haikuwa hata na mstari.

Nilimwambia Ayuel atazame. Pistoni ni zile zile, za duka moja, uzito mmoja, zilikula moto mmoja. Moja ilipewa nafasi, tano zikabanwa. Si kipuri kilichomuua Fulgensio. Nilimwambia atie kidole ndani ya ile silinda iliyo safi, kisha ndani ya ile ya pili. Akatia. Alikaa muda mrefu amechuchumaa na kidole ndani ya silinda. Nilijua anakumbuka ni nani aliyesimama pale akaisukuma pistoni huku na huku akacheka. Sikulitaja hilo. Nilitaka kuishi.

"Nani alisema hizi tano zibanwe?" akauliza.

Edrine alisema ni Constantine, kwamba mashine yake ilikosea. Walivuka barabara wakamleta Constantine kwa shingo, wakampigisha magoti juu ya mafuta. Constantine aliapa kwa watoto wake kwamba alichonga alivyoambiwa. Edrine akamwita mwongo. Mmoja wa wale wanaume alimkanyaga Constantine kichwani mpaka uso ukagusa sakafu, akawa anaapa na mdomo uko ndani ya oili.

"Kila mtu anamtupia mwenzake," Ayuel alisema, akanigeukia. "Mathe, wewe ulikuwa hapa."

Edrine akaniangalia. Jicho moja lilikuwa limefungwa kwa uvimbe. "Mke wangu," alisema. "Mama Griffin, mke wangu, waambie."

Hakuwahi kuniita hivyo, wala kwa watu wa kanisani, wala kwa mwenye nyumba. Kwa mwenye nyumba nilikuwa mpishi. Nilijua nikisema jina la Constantine, Constantine atakufa na Edrine atarudi nyumbani, na huenda angeniita mke wangu wiki nzima. Nisiseme kwamba niliupenda ukweli. Niliziona zile mbavu zangu, nikaiona jerikeni tupu, nikamwona Fulgensio jikoni akicheka.

"Ni Edrine," nikasema. "Nilimwambia zitashika."

Nikainua blauzi kwa mkono mzima, wakaona mbavu.

Walimpiga hapo hapo kwa mnyororo wa kuinulia injini. Sitasema walimpiga vipi. Nitasema kwamba aliniita mara tatu, na mara ya tatu hakuwa na midomo ya kutamka jina. Kisha walimtupa nyuma ya pikapu wakaondoka. Constantine alinipakia kwenye boda, yeye nyuma yangu, akinishikilia, akinuka oili na mkojo, hadi hospitali.  Huko walinikata vidole viwili, kidogo na cha pembeni yake. Edrine alipatikana Jumanne kando ya barabara ile ya mashindano. Constantine alifunga duka akarudi kwao, na mashine aliiacha.

Kaka wawili wa Edrine walikuja kutoka Masaka kuchukua maiti. Watu wazima, wenye heshima, kofia mikononi. Niliwapikia. Walikula, kisha mkubwa akaniuliza kama ni kweli wanayosema hapa mtaani, kwamba kuna mtu aliyemtaja ndugu yao mbele ya wauaji. Habari za mkono wangu hakuuliza, na bandeji ilikuwa ikivuja kwenye meza mbele yake.

Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia ni mimi.

Alisimama akanipiga kofi, kiti kikaenda na mimi chini. Sikujikinga. Mkono wangu mzima ulikuwa umeushika ule mbovu usigonge sakafu.